Tumwombee Ndugu Yetu Ambaye Hatutamtaja Jina

Ukiishi Vingunguti, Ijumaa ya Kwaresima ni mtihani wenye moshi. Kanisa linasema leo hakuna nyama. Machinjio yanasema leo nyama ipo, tena laini. Watu wanatoka mjini kote kufuata mbuzi choma, na upepo wa jioni, ambao sijui ni wa dhehebu gani, unaizoa harufu yote na kutuletea pale tunaposali Njia ya Msalaba. Vituo ni 14. Tukifika cha sita, watu wanameza mate zaidi kuliko wanavyoitikia.

Lakini nyama nimeshaizoea. Lalamiko langu Kwaresima hii ni maombi.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Somo linasomwa, tafakari anaitoa yule yule anayeitoa kila wiki, kisha mwenyekiti wetu, mama mstaafu asiyependa maneno mengi, anatamka maneno ninayoyaogopa: "Sasa maombi, kila mmoja yuko huru."

Wa kwanza anaanza vizuri, na Baba Mtakatifu, maaskofu, mapadre na watawa. Ee Bwana, twakuomba utusikie. Wa pili anawataja wagonjwa, wajane, yatima, wafungwa na wahitaji wote duniani. Twakuomba utusikie. Wa tatu ni mama mwenye genge. Anakohoa kidogo, nami najua amani imekwisha.

"Ee Mungu, tumwombee ndugu yetu ambaye hatutamtaja jina, aliyechukua unga na mafuta tangu kabla ya Majivu. Umguse moyo, maana mwisho wa mwezi umeshapita."

Watu wote wanakaza kufumba macho. Mmoja anayafumbua. Hapo huna haja ya kuuliza ni nani.

Naye hakubali kulala na deni la maneno: "Tuwaombee wafanyabiashara wetu, mizani zao ziseme kweli." Baba mwenye nyumba anawaombea wapangaji wapate kazi, na wakishapata, wakumbuke. Mpangaji anawaombea wenye nyumba ambao vyoo vyao vimejaa tangu mvua za vuli. Sisi wengine tunaitikia kwa sauti ile ile kwa wote, maana kiitikio hakina upande. Mbinguni sijui wanamwandikia nani ushindi.

Ndiyo maana naipenda Ijumaa Kuu. Maombi ya siku hiyo ni 10, yameandikwa, yana mpangilio wake: Kanisa, Papa, makleri na waamini, wakatekumeni, umoja wa Wakristo, Wayahudi, wasiomwamini Kristo, wasiomwamini Mungu, viongozi wa serikali, na mwisho wenye shida, yaani wagonjwa, wenye njaa, wafungwa, wasafiri. Nia inatangazwa, tunapiga magoti kimya, padre anasoma. Hakuna mwanya wa kupenyeza mafuta ya kupikia.

Nikampelekea mwenyekiti pendekezo: Kwaresima yote tusome maombi yaliyoandikwa, tupumzike na mafumbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, hao wahitaji wote duniani unaowaombea, umeshakutana na hata mmoja?"

Swali la kuudhi. Likaniudhi zaidi kwa sababu ushahidi uko upande wake.

Kuna bibi kwenye jumuiya yetu ambaye paa lake linavuja. Tulimwombea kwa adabu, ndani ya fungu la "wazee na wasiojiweza", wiki baada ya wiki, na paa likaendelea kuvuja. Masika yakachanganya. Ndipo mama wa genge akafumba macho akasema, "Tumwombee fundi wetu wa mabati, huyu aliyeketi karibu na mlango, ambaye leo mchana hana kazi." Tuliitikia kwa nguvu nyumba ikatikisika. Saa nane fundi alikuwa juu ya paa, anagonga misumari kwa hasira takatifu. Mabati yalitoka kwa baba mwenye nyumba, ambaye aliona zamu yake ya kuombewa inakaribia, akawahi.

Hata maaskofu wetu wanaijua siri hii ya kulitaja jambo lenyewe. Katika Ujumbe wa Kwaresima wa 2018, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania halikuishia kuiombea nchi amani. Lilitaja shughuli za kisiasa zinazozuiwa na vyombo vya habari vinavyofungiwa. Majivu ya mwaka ule yaliangukia 14 Februari, Siku ya Wapendanao, lakini ule ujumbe haukuwa barua ya mapenzi.

Nguzo za Kwaresima ni tatu: kusali, kufunga na kutoa sadaka. Sadaka ina bahasha, bahasha ina namba, kwa hiyo inafika. Kufunga nako kuna sheria zake, ingawa jirani yangu Mwislamu hazikubali. Mwaka 2025 Majivu yalikuwa 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla, akanikuta saa saba mchana na sahani mbele yangu. Nikamweleza: sisi siku ya kufunga tunaruhusiwa mlo mmoja wa kushiba, na siku zenyewe za lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Akatikisa kichwa. "Mlo mmoja wa kushiba? Basi jirani, mtaa huu tumefunga Kikristo tangu tuzaliwe."

Nikaona nile kimya.

Iliyobaki ni sala, na hiyo ndiyo tunayoituma kama barua isiyo na anwani, kisha tunalaumu posta ya mbinguni. Ombi la wahitaji wote duniani huwa halimgusi mtu. Ukishalisema unakwenda kunywa chai. Ombi la bibi wa paa lilimgusa fundi, likamgusa mwenye mabati, na mimi likanigusa shilingi za misumari, ambazo nilikuwa na mipango nazo.

Sipendi kushindwa na mama wa genge, lakini Jumamosi ijayo jumuiya inasali kwangu na ombi langu liko tayari. Litaanza na Baba Mtakatifu, kwa heshima. Litapita kwa wagonjwa, kwa majina yao na namba za vyumba vyao. Litamfikia kijana mwenye spika anayetukesheza hadi saa tisa usiku. Na yule aliyeazima viti vyangu vya plastiki tangu msiba wa Desemba, ajue kwamba nitasali nikiwa nimefumbua macho.