Fundi Saa Anajibu: Bruxelles Imehama, Mkamwana Hana Kosa

Meza yangu iko Birere, chini ya mwavuli wenye tundu moja, na mvua ya Goma inalijua tundu hilo. Juu ya meza kuna saa za mkono kumi na tisa zilizokufa na tatu zinazopumua. Mteja akishaniachia saa yake haondoki; anavuta kigoda, anaanza kunieleza ya nyumbani. Ndiyo maana nikapewa safu hii. Juma hili nimeletewa barua nne kuhusu saa, na katika zote nne hakuna saa hata moja iliyoharibika.

*

Papa Fundi, kijana wangu yuko Bruxelles, huu ni mwaka wa sita. Kila Jumapili alikuwa ananipigia saa mbili za usiku, nimeshakula, nimekaa vizuri. Tangu mwisho wa mwezi wa tatu anapiga saa moja, ndizi ziko motoni na mikono yangu ina mafuta. Nikimuuliza anaapa kwamba hajabadilisha kitu. Mimi najua ni bibi yake, anataka nipigiwe haraka haraka ili wabaki na jioni yao. Nimeanza barua kwa baba wa huyo bibi. Nimalize?
Mama wa Himbi

Mama, weka kalamu chini, geuza ndizi.

Mtoto wako hasemi uongo. Anakupigia saa moja ya jioni kwa saa ya ukutani kwake, ileile aliyokupigia Krismasi. Kilichohama ni Bruxelles. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, karibu Ulaya yote husogeza saa zake mbele kwa saa nzima, usiku watu wakiwa wamelala. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi huzirudisha. Wateja wangu huwa nawaambia hivi: Bruxelles ni mgeni mwenye vitanda viwili Kongo. Wakati wa baridi analala Kinshasa, saa moja nyuma yetu. Wakati wa joto anahamia Goma, saa yake na yetu zinakuwa moja. Sasa hivi, Mama, kijana wako yuko Himbi pamoja nawe, ni mwili tu uliobaki kule.

Utauliza wanahangaika nini. Sisi jua letu ni la uaminifu: linatoka karibu na saa kumi na mbili, linazama karibu na saa kumi na mbili, mwezi wa kwanza na mwezi wa saba ni sawasawa, na saa sita ya mchana linakaa juu ya kichwa. Mababu walihesabu saa kwa kulitazama, na hesabu yao haijatutupa. Bruxelles, mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwezi wa sita watu wanaanika nguo mpaka saa nne usiku. Mwenye jua la kigeugeu namna hiyo lazima achezee mishale ya saa. Wajerumani ndio walioanza kusogeza saa nchi nzima, tarehe 30 Aprili 1916, wakitaka kuokoa makaa ya mawe wakati wa vita, na Ubelgiji iliyokuwa chini yao ikasogezewa saa pia. Mwaka huohuo, kwa vita hivyohivyo, Wabelgiji waliwapeleka askari na wapagazi wa Kongo kutoka pande hizi za Kivu mpaka Tabora. Wapagazi hao hakuna aliyewaongezea saa ya jua, waliongezewa mizigo.

Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuacha mchezo huu. Serikali zao hazikupatana, saa zinaendelea kurukaruka. Kwa hiyo, Mama, mwambie kijana apige saa mbili yake mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Barua ya mkwe ichane. Na huyo mkamwana mtumie salamu, kwa sababu najua umeshamsema kwa majirani.

Usione haya. Mimi ninayetengeneza saa, binti wa dada yangu alipofunga ndoa kulekule mwishoni mwa mwezi wa kumi, nilivaa koti, nikaweka simu juu ya kopo la maziwa, nikaingia kwenye kamera kwa saa niliyoizoea. Kwa saa nzima niliangalia kanisa tupu na mzee mmoja akipanga viti. Alipanga vizuri sana. Bibi arusi alipotokea mlangoni, mega zangu zikaisha.

*

Papa Fundi, mwaka jana tulikuwa na mkutano wa mahari kwa WhatsApp. Niliandika kwenye kundi la ukoo: "Jumamosi tarehe 1 mwezi wa kumi na moja, saa nane, saa ya Goma." Baba mdogo wa Kinshasa akapiga mimi nikiwa bado napiga mswaki, akakasirika, akazima simu mpaka jioni. Kaka wa London aliingia sawa. Mjomba wa Montréal aliingia sawa pia, akatuhubiria kwamba yeye saa hazimsumbui. Shangazi wa Adelaide, kule Australia, aliingia nusu saa mapema, sisi tukaja kumkuta amelala mbele ya kamera. Tukaahirisha. Jumamosi iliyofuata, saa ileile, huyo mjomba asiyesumbuliwa na saa akachelewa saa nzima, na yeye ndiye mwenye kutoa ng'ombe. Wakwe wananinunia mpaka leo. Sasa wamekubali mkutano mwingine. Nifanye nini?
Bwana Arusi Mtarajiwa, Keshero

Kijana, barua yako nimeisoma mara tatu kwa lenzi ya jichoni, kwa raha tu.

Tuanze na Kinshasa. Nchi yetu moja ina saa mbili, mashariki inaitangulia magharibi kwa saa moja. Lakini hilo silo lililomponza baba yako mdogo. Amekaa Kinshasa miaka mingi, kwake saa nane ni huit heures, saa ya Kifaransa inayohesabiwa tangu usiku wa manane. Wewe ulimaanisha saa nane ya Waswahili, jua limeshapita utosini. Yeye akapiga saa mbili ya asubuhi ya kwake, ambayo Goma ni saa tatu. (Saa tatu Jumamosi bado unapiga mswaki? Wakwe wasilijue hilo.)

Adelaide ni kesi nyingine. Kule wamejaliwa nusu saa ambayo sisi huku hatuna. Wakati wa kiangazi chao, kinachoanza huku Ulaya ikijiandaa kwa baridi, wako saa nane na nusu mbele ya Goma. Shangazi aliiacha ile nusu kama mtu anayeacha chenji kwa muuza duka. Ulipoitisha mkutano, kwake ilikuwa saa nne na nusu usiku. Mama wa watu alikuja kuwatetea akiwa amevaa nguo za kulala, nanyi mnamcheka.

Sasa huyo wa Montréal. Hapa nataka uite vijana wa mtaa waje wasikilize. Mjomba alisoma "saa nane", naye kama ndugu yake wa Kinshasa akaelewa huit heures. Kosa la kwanza. Maneno "saa ya Goma" hakuyasoma kabisa, akachukua saa ya jikoni kwake. Kosa la pili. Jumamosi ile Ulaya ilikuwa imesharudisha saa nyuma Jumapili iliyotangulia, lakini sehemu kubwa ya Canada na Marekani hurudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, yaani kesho yake. Kwa hiyo Montréal ilikuwa bado saa sita nyuma yetu. Goma saa nane mchana, Montréal huit heures za asubuhi, kamili, bila dakika kuzidi. Makosa mawili yalikutana njiani, yakashikana mikono, yakaingia mkutanoni kwa wakati! Nimetengeneza saa miaka mingi, sijaona mashine iliyoharibika vizuri namna hiyo.

Usiku uliofuata wakarudisha mishale. Jumamosi ya pili, saa nane yako ilikuwa kwake saa moja asubuhi. Yeye akaja huit heures zake zilezile, na wewe ukahesabu dakika sitini ukimtazama baba mkwe machoni. Mjomba hakubadilika, alikuwa na kosa lilelile la Jumamosi ya kwanza, ila safari hii mwenzake hakutokea.

Fanya hivi. Usiandike "saa nane" peke yake tena. Andika 14h00 Goma, na chini yake uandike "saa nane mchana, watu wakiwa wameshakula". Kisha kila mzee ajibu kwenye kundi kwa kuandika saa ya mji wake yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Asiyeandika hajaalikwa, hata kama ng'ombe ni wake. Simu yenyewe huonyesha saa za miji ukizitafuta, nayo inajua vizuri kuliko mjomba Montréal imegeuka lini. Tena yakwepe majuma mabaya: lile moja la mwisho wa mwezi wa kumi, na yale mawili au matatu ya mwezi wa tatu, kwa maana tangu 2007 Wamarekani wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na Wazungu wa Ulaya wanangoja ya mwisho. Katika majuma hayo hata mimi siahidi kupiga simu.

*

Papa Fundi, nina ukumbi wa kuonyesha mpira. Ubaoni niliandika kwa chaki "Ligi ya Mabingwa, saa 4 usiku" kama siku zote. Watu wakaja saa nne, wakakuta mapumziko. Wamenidai pesa zao. Niwarudishie?
Mwenye Ukumbi, Majengo

Nusu. Walikosa kipindi kimoja.

Na ubao uufute. Mechi nyingi za ligi hiyo zinaanza saa tatu usiku ya Ulaya ya kati, ambayo kwetu wakati wa baridi yao ni saa nne, na tangu Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa tatu sawasawa na wao. Kila mwaka. Jiandikie ukumbusho huo kwa chaki hiyohiyo.

*

Papa Fundi, mchumba wangu yuko Phoenix, Arizona, anafanya kazi ya bohari. Tulipatana anipigie kila siku saa tatu za usiku za hapa, kwake ni saa sita mchana, wakati wa kula. Juma la pili la mwezi wa tatu akapotea siku tisa. Aliporudi hewani akasema: "Mpenzi, huku wamebadilisha saa, nilichanganyikiwa." Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alipotea pia, na sababu ilikuwa hiyohiyo. Mama anasema nivumilie, ugenini ni kugumu. Nimsamehe?
Mwenye Pete, Katindo

Mwanangu, vuta kigoda.

Angekuwa Chicago ningemtetea. Chicago wako saa nane nyuma yetu wakati wa baridi, saba wakati wa joto, na mtu aliyechoka anaweza kukosea siku moja, hata mbili. Siku tisa ni nyingi, lakini ningemtafutia maneno.

Arizona hawabadilishi saa. Walijaribu mwaka 1967, wakaona jinsi lilivyo jua la jangwa, na mwaka 1968 bunge lao likajitoa. Phoenix wakati wa joto inapita digrii 40; nani kule anaomba jua lichelewe kuzama? Ni Wanavajo tu, wenyeji wa asili, katika eneo lao la kaskazini-mashariki, wanaosogeza mishale. Nimempa mchumba wako hata nafasi hiyo, maana ushauri lazima uwe wa haki, lakini umeniandikia Phoenix, na Phoenix haimo. Kati ya meza yangu na bohari yake kuna saa tisa: mwezi wa kwanza tisa, mwezi wa saba tisa. Saa tatu yako ya usiku ni saa sita yake ya mchana mwaka mzima. Katika miji yote ya Marekani ambamo angeweza kuisingizia saa, alichagua kuisingizia akiwa palepale isipochezewa.

Usimgombeze. Pete isibanduke kidoleni bado. Akipiga, muulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza: huko Phoenix mwezi wa tatu walisogeza mbele au nyuma? Akisema mbele, ameisoma Chicago. Akisema nyuma, hata Chicago hajaisoma. Akicheka, akakiri kwamba huko hawasogezi, basi bado ana kitu kinachoweza kutengenezwa, na hapo umuulize zile siku tisa, saa sita mchana, alikuwa anakula na nani.