Barua ya wazi kwa Ofisi za Udahili ng'ambo

KWA: Ofisi zote za Udahili wa Shahada za Uzamili na Uzamivu.
KUTOKA: Waombaji wa Hombolo, Dodoma, na jirani zao.
YAH: KUTHIBITISHA KWAMBA KIINGEREZA KILICHOFUNDISHWA KILIKUWA KIINGEREZA

Maombi ya shahada ya uzamili katika chuo cha ng'ambo huanza na fomu ya mtandaoni, na fomu huanza kwa kudai jina la ukoo. Mtanzania ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Fomu ina nafasi mbili. Babu anageuzwa ukoo, baba anapotea, na baada ya muda Ofisi huandika kuuliza kwa nini jina la kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kwenye fomu. Waombaji wanaipongeza Ofisi kwa umakini huo.

Nafasi ya wastani wa alama haipokei namba inayozidi 4.0. Vyuo vikuu vya Tanzania hukokotoa hadi 5.0, na daraja la kwanza huanzia 4.4, kwa hiyo mwanafunzi aliyeongoza darasa zima huambiwa na kompyuta kwamba alama zake haziwezekani. Mwenzake mwenye 3.6, daraja la pili la juu, hupita bila swali na kuonekana amebakiza kidogo kufika kileleni. Wadhamini sharti wawe na barua pepe ya chuo, ingawa profesa mstaafu anayemjua mwombaji kuliko wote hutumia anwani ya bure kama binadamu wengine. Bahasha ya matokeo ifungwe, isainiwe juu ya gundi, na mhuri upigwe juu ya saini. Ada ya maombi hulipwa kwa kadi na hairudishwi.

Yote hayo yamepokelewa kwa moyo mkunjufu, na barua hii haina ugomvi nayo. Inahusu sharti moja tu, la uthibitisho wa lugha.

Shule za msingi za umma Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Kuanzia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yasiyo ya lugha nyingine hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Hombolo anayeongea Kigogo nyumbani na Kiswahili gulioni huanza upya usanisinuru alioufahamu vizuri darasa la saba, safari hii kwa lugha ya tatu. Shule nyingi zina kibao kinachowaamuru wanafunzi waongee Kiingereza, na anayesahau huadhibiwa. Akivuka sekondari, na chuo kikuu ni hivyo hivyo: mihadhara, mitihani, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, tasnifu, hadi maandishi ya cheti chenyewe. Baada ya miaka tisa au kumi ya namna hiyo, Ofisi huuliza kwa upole kama mwombaji amewahi kukutana na lugha ya Kiingereza.

Hombolo yenyewe, kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma, inajulikana kwa bwawa lake, kwa Chuo cha Serikali za Mitaa, na kwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kinachoshughulikia mazao yanayostahimili ukame, hasa mtama na uwele. Mtafiti wa mtama huandika matokeo yake kwa Kiingereza kwa sababu majarida ya sayansi hayana mlango mwingine. Makala yake inaweza kusomwa India na Australia bila mhariri kulalamika. Akiomba uzamivu, makala hiyo haihesabiki kama ushahidi. Kinachohesabika ni insha ya maneno 250 kuhusu iwapo vijana siku hizi wanatumia simu kupita kiasi.

Insha hiyo ni sehemu ya mtihani, ambao ndio njia ya kwanza ya kuthibitisha. Iliyozoeleka ni miwili: TOEFL, ulioanza Marekani mwaka 1964, na IELTS, ulioanza kwa jina hilo mwaka 1989 na unaomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Ada huzunguka dola 200 na zaidi, sawa na mshahara wa mwezi mzima wa kima cha chini serikalini, ambacho kilipandishwa hadi shilingi 500,000 mwezi Julai 2025. Juu ya hapo kuna daladala ya kwenda mjini, kisha basi au treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 imeifanya Dar es Salaam iwe safari ya saa chache, na kulala kwa shangazi asiyeelewa mtu mwenye digrii anatahiniwa nini tena. Yapo pia matoleo ya kufanyia nyumbani. Hayo yanadai chumba chenye mtu mmoja, mtandao usiokatika na umeme usiokatika, masharti matatu ambayo kwa pamoja ni magumu kuliko Kiingereza.

Cheti kikishapatikana, hudumu miaka miwili. Baada ya hapo Kiingereza cha mwombaji huhesabiwa kuwa kimechacha, mithili ya togwa. Sayansi ya jambo hili haijafafanuliwa vya kutosha. Ofisi haijaeleza kama vitenzi huanza kuondoka mwezi wa ishirini na nne au huvumilia hadi usiku wa siku ya mwisho, wala kama msamiati wa kilimo huchacha sambamba na ule wa uhasibu. Shahada iliyosomwa kwa lugha hiyo hiyo haina tarehe ya mwisho. Hesabu za mwaka wa kwanza hazichachi. Ni Kiingereza peke yake, tena cha watu wa nchi fulani, kinachoharibika kikikaa kabatini. Kwa kuwa ufadhili haupatikani kwa ombi la kwanza, na wengi huomba mwaka hadi mwaka, mwombaji akikosa mara mbili hulipia mtihani upya, na familia iliyochanga mara ya kwanza huitwa tena kikao. Huu ni unyang'anyi. Neno hilo linafutwa. Pahala pake pasomeke "utaratibu".

Njia ya pili ni barua ya lugha ya kufundishia, na hapo ndipo Ofisi imefikia kilele cha ubunifu wake. Barua hiyo huandikwa na msajili wa chuo alikosoma mwombaji, kwenye karatasi yenye nembo, kueleza kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Ili kuipata, mwombaji huandika barua ya kuiomba, kwa Kiingereza. Msajili huijibu, kwa Kiingereza, kwamba alipie kwanza. Akilipia, ofisi ya msajili huandaa barua, kwa Kiingereza, ikitaja shahada ambayo matokeo yake yameshatumwa, kwa Kiingereza, kwenye bahasha iliyotiwa saini na mhuri. Ofisi ya Udahili huipokea, huisoma bila mkalimani, huielewa kuanzia tarehe hadi saini, kisha hujibu kwamba haitoshi. Haisemi kama masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza au mengi tu. Irekebishwe, isomeke "yote". Ikirekebishwa, huonekana haitaji mitihani. Ikitajwa mitihani, huulizwa kwa nini imeletwa na mwombaji badala ya kutumwa na msajili mwenyewe. Msajili akiituma mwenyewe, huangukia kwenye kapu la barua taka, na mwombaji huarifiwa kwamba ombi lake halijakamilika.

Wahitimu wa shahada ya Kiswahili wana adha yao ya pekee. Idara za Kiswahili hufundisha kwa Kiswahili, na msajili mwaminifu hawezi kuandika "yote". Huandika "isipokuwa masomo ya Kiswahili", na neno hilo la kweli humrudisha mwombaji kwenye mtihani, hata kama chuo anachoomba kinamtaka akafundishe Kiswahili.

Msamaha upo, na hutolewa kwa orodha. Ile ya serikali ya Uingereza, ambayo vyuo vingi vya huko hupanga taratibu zao kwa kuiangalia, imewasamehe raia wa Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Jamaika, Barbados na visiwa vingine vya Karibi, pamoja na Malta. Malta ni nchi ambayo watu wake wengi huongea Kimalta nyumbani, na waombaji hawana kinyongo nao. Wanawatakia masomo mema. Mkanada wa Quebec aliyesoma kwa Kifaransa tangu chekechea anapita kwa pasipoti tu. Afrika haina nchi hata moja humo. Nigeria haimo. Tanzania haimo, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo shiriki cha Chuo Kikuu cha London, na ingawa Abdulrazak Gurnah aliyezaliwa Zanzibar alitunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021 kwa riwaya alizoandika kwa Kiingereza. Mtihani unaodai kupima ulimi huanza kwa kuangalia rangi ya pasipoti.

Ofisi ina hoja moja, na haki itendeke. Mwalimu wa sekondari mara nyingi hueleza kwa Kiswahili ndipo aandike ubaoni kwa Kiingereza, na wapo wahitimu ambao Kiingereza chao kinachechemea. Ila jambo hili si habari mpya kwa Waingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Pendekezo lilikataliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikagua hali ya shule na kuona kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia. Kilichofuata mwaka 1987 kilikuwa mradi wa kuimarisha Kiingereza uliolipiwa na Uingereza, kwa maelewano kwamba kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Vitabu vyepesi vya hadithi vikagawiwa mashuleni. Mtoto akalipiwa ahangaike kwa Kiingereza. Alipofaulu kuhangaika, analipishwa athibitishe. Waliotaka lugha hiyo ibaki ndio wanaouza risiti ya kwamba ilibaki.

Waombaji wanaikumbusha Ofisi, bila nia ya kuudhi, kwamba mkoa wa Dodoma una uzoefu wa kupokea wageni. Mwaka 1947 walifika Kongwa, mashariki mwa Hombolo, Waingereza waliokuja kulima karanga kwa matrekta. Hakuna aliyewadai cheti cha Kigogo wala cha Kiswahili, wala cha mvua, ambacho kingewafaa zaidi. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa kwao. Ukilinganisha na hasara hiyo, hatari ya mwanafunzi mmoja kukosea wakati uliopita inavumilika.

Baada ya maelezo hayo, Ofisi inaombwa ichague. Ikubali shahada iliyosomwa kwa Kiingereza kuwa ushahidi wa Kiingereza, popote iliposomewa. Au, ikiwa kweli inaogopa Kiingereza kibovu, imtahini kila mwombaji, akiwemo wa Texas na wa Malta, na matokeo yao nayo yachache baada ya miaka miwili. Au imwite mwombaji kwa simu ya video na kuzungumza naye robo saa. Anayejua lugha atajulikana, na gharama ni bando. Pia itakuwa vyema nafasi ya alama ipokee 4.5, lakini hilo linaweza kusubiri.

Majibu yatapokelewa hata bila mhuri.

NAKALA: Waombaji wote wa mwaka huu. Wasilipie mtihani kabla ya kumwandikia mratibu wa programu wanayoiomba na kumwuliza kama chuo kinakubali barua ya lugha ya kufundishia. Vyuo kadhaa vinakubali, na sehemu nyingi msamaha hupewa aliyeuomba. Jibu litunzwe kwa maandishi, kwa maana anayesoma barua pepe mwezi Desemba huenda siye aliyeijibu mwezi Septemba.