Chozi wa Umoja

Wapemba wana chozi wao, ndege asiyepatikana kwingine duniani ila Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka, na wazungu hupanda boti kwenda kumpiga picha. Sisi wa mtaa wa Umoja tunaye wetu pia: kichwa cha kijani kinachometameta, kifua cha zambarau, tumbo la manjano. Kumwona hakuhitaji boti. Unapanda ngazi hadi kwenye paa la ploti, penye mshubiri uliopandwa ndani ya mkebe wa rangi.

Shida ni kwamba paa ndipo panapoanikwa nguo.

"Baba Njeri, unapiga picha nini hapo?" akauliza Mama Brayo, beseni kiunoni.

"Ndege, mama."

"Ndege gani huyo amevaa sidiria yangu?"

Na chozi mwenyewe hatulii. Ile kijani yake haitokani na rangi iliyomo unyoyani. Ni mwanga unaochezeshwa na maumbo madogo mno ya unyoya wenyewe. Akigeuka kidogo, au wingu likipita, yote inazimika. Wingu likapita. Nikapata ndege mweusi mwenye tumbo la manjano, na kona ya shuka la Mama Brayo, ambalo kusema kweli lilitoka vizuri sana.

Nikampelekea kijana wa studio ya mtaani, bingwa wa picha za pasipoti na za matanga.

"Tulia mzee, tunamsafisha."

Shuka likaondoka, ikaja bahari. Akamlainisha ngozi mpaka manyoya yakaisha. Akataka na mdomo kuunyoosha, eti umepinda. Nikamshika mkono, maana ndege huyu hunyonya maua kwa huko huko kupinda. Kisha akalikodolea macho tumbo, akabonyeza mahali, likawa jeupe pe.

Sasa, chozi wa aina hii wenye matumbo meupe wapo kweli, ila wanaishi kaskazini mashariki, upande wa Somalia. Kijana alikuwa amemhamishia ndege wangu mpakani kama mwalimu aliyekosana na wakubwa, tena bila barua.

"Rudisha manjano," nikamwambia.

"Mzee, huyu alikuwa anaugua ini." Akarudisha, shingo upande, akawasha printa. "Pasipoti zinatoka nne. Ama ni ya matanga? Kama ni ya matanga, mishumaa tunaweka bure."