Kashata Ndani ya Koti la Harusi

Msafara ulianzia kwenye ufa wa dirisha, ukashuka ukutani nyuma ya picha ya harusi, ukakata kona kwenye swichi ya taa, ukaingia kabatini. Mke wa mwandishi huyu, ambaye hana haraka na jambo lolote, aliufuata taratibu kwa kidole mpaka mwisho wake: mfuko wa ndani wa koti la suti, lile linalovaliwa kwenye sherehe tu. Humo mlikuwa na kashata za nazi tatu na nusu, za rangi ya waridi, zimefungwa kwa karatasi ya daftari la mtoto, upande wa hesabu.

"Baba watoto," aliita, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele. "Hawa wageni wako umewaalika lini?"

Sisimizi aliyepata chakula, anaporudi kwao, huacha njiani harufu ambayo wenzake huifuata. Kila anayepita na kukuta neema ipo kweli naye huongeza harufu yake, njia ikazidi kukolea. Kwa maneno mengine, kadiri kashata zinavyokuwa nzuri ndivyo ushahidi unavyokuwa mzito. Mwandishi angenunua kashata mbaya, huenda angesalimika.

Ilikuwa siku ya tisa tangu atangaze, mbele ya watoto na mama mkwe, kwamba ameachana na sukari. Uamuzi huo haukutoka hospitali. Ulitoka kwa fundi cherehani wa Ngamiani, mjini Tanga, ambaye alikuwa amekwisha kuifumua suruali ya suti hiyohiyo mara mbili kiunoni. Safari ya tatu aliigeuza ndani nje, akaonyesha mshono, akasema kitambaa cha akiba kimekwisha. "Sasa hapa mzee wangu, kazi iliyobaki si yangu."

Basi mwandishi akaanza kuhesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingependeza zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ya pili ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chai yake ya asubuhi ina vijiko vinne, na kila kijiko kina kilima chake. Ikifika saa nne, kikombe cha pili kikishashuka, posho ya siku imekwisha na deni limeanza. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50. Siku aliyokunywa hiyo alikuwa anakula posho ya keshokutwa.

Akahamia kwenye asali. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa amemhakikishia kwamba asali ni dawa, na mwandishi habishani na wazee panapokuwa na faida. Akaongeza juisi ya miwa, inayokamuliwa mbele ya macho yake pamoja na ndimu na tangawizi, kwa hoja kwamba muwa ni mmea. Ilimchukua wiki nzima kukumbuka sukari nayo inatokana na nini. Na alipoufungua tena ule mwongozo, akakuta asali na juisi vimewekwa kapu moja na sukari ya dukani. Karibu asilimia 80 ya uzito wa asali ni sukari. Bibi hakuelezwa; ana miaka mingi na furaha zake chache.

Lililomwangusha hasa lilikuwa jambo la afya: kahawa chungu. Kahawa ya barazani haina sukari hata chembe, na hilo ni kweli tupu. Muuzaji hupita jioni na dele lake likiwa juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo, na mwandishi alimpokea kama mtu anayeanza maisha mapya. Ila muuzaji huyo ana pia ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, na kabla hujamaliza fundo la kwanza mfuniko umeshafunguka. Nani alikunywa kahawa ile bila kashata akaheshimika? Vikombe vitatu, kashata tatu, na nyingine nne za njiani. Njia yenyewe ni hatua 40.

Kiswahili nacho hakimsaidii. Mchuzi wa samaki wenye chumvi na ndimu ni mtamu, sauti ni tamu, usingizi ni mtamu, hata umbea. Siku mkewe alipopika mnafu na kusema, "Onja, mtamu huu," mwandishi alionja kwa imani ya lugha yake, na mnafu ukamjibu kwa lugha yake wenyewe.

Akibanwa, hukimbilia historia. Alimweleza mkewe kwamba karne ya 19 hapo Pangani, mwendo mfupi tu kusini mwa Tanga, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. (Yalilimwa kwa jasho la watumwa, hapo mwandishi hupita haraka.) Abushiri bin Salim mwenyewe, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alikuwa na shamba la miwa. Kwa hiyo sukari, kwa mtu wa pwani hii, ni urithi.

"Na Abushiri aliishia wapi?" mke akauliza, huku akikung'uta koti.

Alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Mwandishi akasema atakagua tangi la maji.

Nje alimkuta paka wa nyumba amelala kivulini. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba jeni inayohusika na kuonja utamu imeharibika kwa paka, na kwa chui milia na duma vilevile. Mwandishi alimsogezea nusu ya kashata aliyoiokoa. Paka akainusa, akafumba macho. Ana kiuno kizuri sana.

Jumamosi ikaja harusi ya upande wa wakwe. Suruali ilifungwa kwa pini, koti likafunika aibu, na mwandishi akakaa mkekani mstari wa mbele kama mtu mwenye msimamo. Ilipoletwa sinia ya halua, ing'aayo kwa samli, yenye harufu ya iliki, aliweka mkono kifuani na kusema asante, ameshiba. Mama mkwe akamtazama kwa heshima mpya.

Hapo ndipo sisimizi mmoja alipochungulia kwenye ncha ya mkono wa koti. Alishuka kidoleni bila haraka, akavuka mkeka, akapanda sinia mbele ya wakwe wote. Akaizunguka halua mara moja. Kisha akageuka, akarudi kwenye mkono wa koti kuwaita wenzake.