Namna ya Kumkata Mshahara Mwandishi wa Bariadi Asinune

Ndugu Mkurugenzi wa gazeti, tunajua hali ni ngumu: karatasi bei juu, wasomaji wanatumiana picha ya ukurasa wa mbele kwenye WhatsApp, na wenye matangazo wamehamia mitandaoni. Korona ilipoingia mwaka 2020, wenzako wa Nairobi walipunguza mishahara. Hapa nyumbani, kufikia mwanzoni mwa 2021, magazeti ya Mtanzania, Rai, Bingwa na Dimba yalikuwa yamesitisha uchapaji. Sasa nawe umeshika mkasi.

Makao makuu jiandae kwa minong'ono, watu wanaoingia saa nne na kutoka saa saba, na barua za kuomba kazi kwingine zinazochapwa kwenye printa yako mwenyewe. Hao tuwaache kwanza. Anza na mwandishi wako wa Bariadi, mkoani Simiyu, ambaye hana printa.

Hatua ya 1: Usimpe mshahara wa kukatwa
Asiye na mshahara hawezi kulalamika kwamba umepungua. Mwite mwandishi wa kujitegemea, umlipe kwa stori, tena iliyotoka gazetini, siyo aliyotuma. Akipanda gari kwenda Mwanhuzi kufuatilia tembo walioingia mashambani, nauli yake, chakula chake, bando lake, stori yako. Simba na Yanga wakimaliza kurasa siku hiyo, tembo watasubiri, na malipo yatasubiri pamoja nao.

Hatua ya 2: Mfiche ndani ya "Na Mwandishi Wetu"
Unganisha habari yake na za Shinyanga na Geita, toa majina yote, weka hayo maneno matatu. Mwisho wa mwezi atamtumia mhasibu picha ya kipande cha gazeti, aya mbili zake amezizungushia kalamu nyekundu. Mhasibu ajibu: "Tunalifanyia kazi." Jibu hilo linatosha kwa robo mwaka.

Hatua ya 3: Usimpunguze, msahau
Hapa kuwa makini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza. Kazi yote hiyo ya nini? Wewe acha tu kupokea simu. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asiyejua aliachishwa lini ataanza kuzihesabu kutoka wapi?

Hatua ya 4: Mwachie mgeni rasmi amlishe
Simiyu ina wilaya tano, na kila wilaya haikosi uzinduzi. Huko kuna gari la msafara, maji ya chupa, pilau na bahasha ya kaki yenye kitu kinachoitwa nauli. Sherehe za Nanenane kitaifa zilifanyika Nyakabindi, Bariadi, miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Mwandishi asiyelipwa hawezi kuombewa neema zaidi ya hiyo. Ukishangaa kwa nini kila habari kutoka Simiyu inaanza na "amewataka wananchi", na kwa nini malalamiko ya wakulima kuhusu mizani ya pamba hayafiki mezani kwako, kumbuka ni nani aliyelipia chakula cha mchana.

Hatua ya 5: Mtume aandike habari za malipo kuchelewa
Hakuna anayeijua mada hii kama yeye. Msimu wa 2019 pamba ilipangiwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaporomoka, wanunuzi wakakwama, na wakulima waliokwisha kukabidhi mali kwenye vyama vyao vya msingi wakasubiri fedha kwa miezi. Mwambie aulize: "Mzee, unajisikiaje kutoa jasho lako halafu hulipwi?" Mzee akimgeuzia swali, ajibu kwamba anayeuliza ni yeye.

Hatua ya 6: Pandisha morali kwa mambo yasiyo na gharama
Fungua kundi la WhatsApp, uliite "Familia Moja". Tuma humo ujumbe wa kuvumiliana kila Jumatatu. Kisha liweke katika mpangilio wa admini pekee kuandika. Utaona jinsi manung'uniko yatakavyokwisha.

Hatua ya 7: Usidai madeni yako
Taasisi za serikali na kampuni zilizotangaza gazetini mwako na hazijalipa, usizisumbue. Zitakunyima tangazo lijalo, ambalo nalo hazitalilipa. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati chini ya mwanahabari Tido Mhando kuchunguza hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari, kwa hiyo tatizo linajulikana hadi juu. Wewe kata stori ya Bariadi, ni rahisi kuliko kupiga hodi kwa mdaiwa. Na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inayotaka mwanahabari awe na bima na hifadhi ya jamii, iweke kabatini. Si ya kusomewa watu wenye njaa.

Tahadhari
Mwongozo huu ukifuatwa barabara una madhara. Siku moja mwandishi wa Bariadi ataenda kulima dengu au kuandikia hotuba ofisi fulani, na hutajua ameondoka, kwa sababu taarifa za mikutano zitaendelea kukufikia kwa barua pepe, zimeandikwa vizuri na picha juu. Kitakachokosekana ni mtu wa kuuliza swali la pili kule Itilima na Busega. Wapo wanaosubiri siku hiyo kwa hamu, na baadhi yao ndio hao hao wenye madeni ya matangazo. Wadai. Wakilipa, mlipe mwandishi wako.