Mwongozo kwa Anayetaka Kutia Giza

Kutia giza ni kazi kama kazi nyingine: ina mafundi wake, vifaa vyake na taratibu zake. Waingereza huiita blackout, na neno hilo wamelituma kila mahali: jukwaani, vitani, kwenye nyaya za umeme, kwa mtu aliyezimia, hata kwa habari zinazozuiwa zisimfikie mwananchi. Ukiwa na haja ya kutia giza, chagua kwanza aina unayoitaka, kisha fuata maelekezo yake. Sehemu ya mwisho usiiruke.

1. Giza la jukwaani

Anza na hili, maana ni jepesi na halimdhuru mtu. Mchezo ukifika mahali ambapo jumba la mfalme linatakiwa kugeuka soko, fundi taa huzima zote kwa mpigo. Kabla ya hapo, bandika vipande vya utepe unaong'aa gizani kwenye kingo za ngazi, miguu ya meza na pale atakaposimama mwigizaji. Wote wafanye mazoezi mpaka miguu ijue njia bila macho. Zima, hamisha viti, washa. Mtazamaji amekata tiketi akijua taa zitazimwa, na anajua zitawaka kabla hajamaliza kumnong'oneza jirani yake. Ameridhia, na giza lina mwisho. Shika mambo hayo mawili, utayahitaji.

2. Giza la vita

Hili linataka mji mzima. Uingereza iliamuru mianga yote ifichwe kuanzia tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, ili marubani wa adui wasiione miji wakiwa angani. Fanya kama walivyofanya. Shona pazia zito jeusi kwa kila dirisha. Ukikosa kitambaa, gongomea kadibodi au paka kioo rangi nyeusi. Kisha toka nje uzunguke nyumba ukitafuta penye kuvujisha mwanga, kwa sababu mlinzi wa zamu akiuona, hata uwe mwembamba kama uzi, atagonga mlango, na faini ipo. Taa za barabarani zizimwe. Za magari zifunikwe, uachwe upenyo mdogo tu. Tochi nayo izibwe kwa karatasi nyembamba.

Sasa watu wataanza kugongana. Paka rangi nyeupe kingo za njia, nguzo na mashina ya miti. Mwanamume anayetembea usiku aachie shati jeupe lining'inie nje ya suruali ili madereva wamwone. Ushauri huo ulitolewa kweli. Wapo hata wafugaji waliowachora ng'ombe wao mistari myeupe.

Gharama ilikuwa kubwa, kwani vifo vya barabarani viliongezeka tangu mwezi ule wa kwanza. Hata hivyo watu walivumilia miaka mitano, hadi masharti yalipolegezwa Septemba 1944. Kila mmoja alilifunga pazia lake kwa mkono wake, na kwa kulifunga alimkinga pia jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta.

3. Giza la ajali

Hili halihitaji mpango wowote. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo, zikapotea megawati zaidi ya 180, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Marekani na Kanada hazikuhitaji hata mnyama. Tarehe 14 Agosti 2003, nyaya za umeme huko Ohio zililegea zikagusa miti isiyopogolewa, na mfumo wa kompyuta uliopaswa kuwatahadharisha mafundi ulikuwa umekwama bila wao kujua. Watu wapatao milioni 50 wakaingia gizani.

Basi pogoa miti, jengea tumbili uzio, na pima kengele zako kabla hazijahitajika. Umeme ukishakatika, toa taarifa mapema: nini kimeharibika, utarudi lini. Muuguzi mwenye chanjo kwenye jokofu hawezi kupanga kazi kwa kukisia.

4. Giza la mwilini

Hili usimtie mtu. Mtu akizimia mwenyewe, ni kwamba damu haifiki ya kutosha kwenye ubongo. Mlaze chali, mwinue miguu, mlegeze nguo shingoni, na watu wampishe apate hewa. Asipozinduka upesi, tafuta daktari.

5. Giza la intaneti

Hili ni rahisi kuliko yote kwa anayelitia, na zito kuliko yote kwa anayetiwa. Halitaki pazia wala tumbili. Agizo moja kwa kampuni za simu linatosha. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikaanza kurejea tarehe 18. Siku hizo, mwendesha boda aliyezoea kupata abiria kwa programu ya simu alirudi kusubiri kijiweni. Wakala wa mgombea aliyepiga picha fomu ya matokeo kituoni akabaki nayo mfukoni, na kura zilikuwa zikihesabiwa.

Katika giza la vita, kila mwenye nyumba alishika pazia lake. Hapa mkono mmoja umefunga madirisha ya mamilioni, na aliyefungiwa hakuulizwa wala hakuambiwa yatafunguliwa lini. Giza la namna hiyo humkinga mwenye swichi peke yake.

Kwa hiyo, kabla hujazima chochote, simama mbele ya watakaobaki gizani ujibu hadharani: wameridhia? Wanajua utawasha lini, na nani atawajibika usipowasha? Ukishindwa kujibu hata moja, huna haki ya kuzima. Waache watu na mwanga wao.