Njuka, Karibu Tabora Boys

Umepangiwa Tabora Boys. Hongera. Kabla hujanunua tranka, shughulikia kwanza ukoo wenu. Waingereza walipoifungua shule hii miaka ya 1920 walitaka watoto wa machifu, wawafunde utawala. Siku hizi ni shule ya vipaji maalumu, wanaangalia maksi tu, lakini si vibaya babu yako akipanda cheo humo humo kwenye treni. Morogoro awe mzee wa mtaa, Dodoma awe jumbe, mkifika Itigi tayari ni chifu kamili mwenye ngoma yake.

Halafu kuna Nyerere. Aliingia 1937, kijana wa miaka kama 15 hivi, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, kwa hiyo yeye ngoma alikuwa nayo kweli. Jina hilo jiandae kulisikia hadi usingizini. Ukichelewa paredi, Mwalimu hakuwa hivyo. Ukisinzia prepo, Mwalimu hakuwa hivyo. Usibishe. Ukionyeshwa kitanda alicholalia, kiguse kwa adabu. Kesho ukionyeshwa kingine, bweni jingine, kiguse nacho; huenda alikuwa mtu wa kuhamahama. Jambo moja tu usilipeleke mstarini: mwaka 1963 serikali ya mtoto huyo huyo wa chifu ndiyo iliyofuta uchifu Tanganyika. Ukikumbuka hilo, mshushe babu yako Itigi pale pale, kimya kimya.

Kuhusu chakula na mali zako, nazungumza kwa uzoefu wa bweni nililosoma mimi, kwingine kabisa, jina nalihifadhi. Maharage kula umeme ukikatika. Gizani hayana wadudu. Sukari ifiche ndani ya soksi chafu, chafu ya kweli, maana wakubwa wana pua. Na ndoo! Yangu niliiandika jina kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, nikaikausha juani nusu siku nikiilinda. Wiki ya pili nikaikuta bafuni, jina limekwanguliwa, imebaki ile mikia ya rangi, na kiranja ndani yuko kwenye sabuni anaimba. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniagiza nimwongezee maji.

Ukishahitimu, popote utakapojitambulisha taja shule kwanza, jina lako baadaye. Kwa sasa nenda sokoni, na ndoo nunua mbili.